Kufuta taa si kutengeneza gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mnunuzi wa maparachichi. Nakusanya kwa wakulima wa Njombe na Wanging'ombe, napeleka Makambako, na mara mojamoja nashuka nayo hadi Dar es Salaam. Baada ya miaka kumi na moja ya kukodi magari ya watu, mwaka huu nilinunua pikapu mpya. Sisemi mpya ile ya kwetu, ya gari lililoshuka bandarini juzi likiwa na umri wa mwanafunzi wa sekondari. Hili lilikuwa jipya kweli: viti vimo kwenye nailoni, mita inasoma kilometa 23. Kampuni iliyoniuzia sitaitaja, wala aina ya gari, kwa sababu gari lenyewe halijanikosea. Nina neno na namna lilivyotibiwa.

Tulilichukua Dar mwezi Machi, mimi na mtoto wa dada yangu ambaye ndiye dereva wangu. Tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, pale kwenye matuta, ikawaka taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki. Sijamaliza kuuliza ni nini, ikafuata ile yenye picha ya gari linaloteleza, kisha ya usukani, kisha ya injini. Halafu mshale wa spidi ukaanguka hadi sifuri. Kwa mujibu wa dashibodi tulikuwa tumesimama, ila pundamilia walikuwa wanarudi nyuma.

"Mama mdogo, hili gari limeingiwa na nini?" akaniuliza kijana. Mle hifadhini husimami ovyo, tukaenda hivyohivyo hadi Mikumi mjini, nikampigia aliyeniuzia. Akaniambia, "Mama, zima gari, hesabu mpaka mia, washa tena." Tukahesabu. Taa zikazima. Mlima wa Kitonga tukaupanda roho mkononi.

Hapa niseme kidogo kuhusu rangi za taa, maana kijana wangu ana leseni safi na bado alikuwa anakisia. Nyekundu ni ya kusimama. Ukiona birika la oili, kipimajoto, au breki ambayo haizimi hata ukishusha hendibreki, weka gari pembeni na uzime injini, usisubiri ufike kwa shemeji. Nyekundu ya betri maana yake altaneta haichaji, na safari yako imebaki ndefu kadiri ya umeme uliomo kwenye betri. Njano ni ya kupima mapema. ABS ikiwaka peke yake breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi magurudumu yanaweza kujifunga. Taa ya injini ikipepesa badala ya kutulia, punguza mwendo utafute pa kusimama. Kijani na bluu zinakupa habari tu. Lakini taa nne za njano kuwaka kwa mpigo kwenye gari la siku moja, hiyo haipo kwenye rangi yoyote, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Nikalipeleka tawi lao la kanda yetu. Akaja kijana na kompyuta mpakato, akachomeka chini ya usukani, dakika kumi taa zimetoweka. Gari likaoshwa. Nikaletewa fomu ya kusaini kwamba nimeridhika na huduma, nami nikasaini kwa furaha ya gari linalong'aa.

Siku kumi na mbili baadaye, kwenye barabara ya vumbi, taa zilezile. Nikarudi. Safari hii nikaambiwa ni dizeli chafu. Nikauliza dizeli chafu inaangushaje mshale wa spidi. Yule kijana akajibu kwamba mifumo ya siku hizi imeunganishwa. Hilo lilikuwa kweli tupu, na kama angelifuata neno lake mwenyewe hatua mbili mbele angeukuta ugonjwa. Hakulifuata. Akafuta taa, wakaosha gari.

Mara ya tatu walisema kompyuta ya ABS imekufa, iagizwe, ni wiki kadhaa, na malipo yatategemea kama waranti itakubali. Nikaomba karatasi ya walichokisoma kwenye mashine. Hakuna. Nikauliza mara ya kwanza na ya pili walisoma nini. Nako hakuna, kwa sababu vilifutwa. Mhariri, nimekaa sokoni miaka mingi na sijaona mtu anayepima mzigo, anafuta namba kwenye mizani, kisha anakudai kwa kukumbuka.

Mwezi Juni nikapata msiba Makete. Wanaoijua Makete ya Juni wanajua baridi yake, kuna asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Gari lilisimama siku nne. Siku ya tano tunataka kuondoka, stata inatoa tk-tk-tk na dashibodi nzima inawaka na kuzimika. Likapita lori la mbao, dereva mtu mzima akashuka na waya zake za kubusti, akaziangalia, akazirudisha kwenye boksi. "Dada, mimi natembea na volti 24. Nikikuunganisha nitakuunguzia kila kompyuta humo ndani." Sikupata jina lake, lakini kama anasoma gazeti hili, namdai chai. Tukabustiwa na Noah ya mwalimu wa pale, yenye volti 12 kama letu, tukateremka bila kuzima injini hadi Makambako.

Makambako tuna mzee mmoja aliyestaafu kazi ya umeme wa reli. Hana kompyuta, hana sare. Ana multimita, mashine ndogo ya kupimia umeme, kwenye mfuko wa sweta na daftari la mistari. Wale wa tawi walianza kwa kuuliza lina tatizo gani. Yeye aliuliza, "Mama, tangu litoke kiwandani limeongezewa nini?"

Nikataja viwili. Kwanza kifaa cha GPS, kwa sababu walionikopesha sehemu ya fedha walidai gari lifuatiliwe. Kilifungwa palepale kwenye yadi ya muuzaji, mimi nikiwa ofisini nasaini makaratasi. Pili keria ya vyuma, niliyochomelewa na fundi wa mtaani kwetu mwezi Aprili. Kwa hilo la pili nilipata somo langu mbele ya kijana wangu. Mzee alitaka kujua kama tulitoa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Hatukutoa. Akatikisa kichwa, akasema mashine ya kuchomelea ikipitisha umeme wake kwenye bodi inaweza kuua kontroboksi, yaani kompyuta za gari, na kwamba nilipona kwa bahati. Ni kosa langu, nalikiri gazetini. Lakini taa zilianza Machi, keria ikaja Aprili, kwa hiyo mchomeleaji hatukuweza kumsingizia.

Mzee akataka gari lilale kwake, asubuhi akapima betri kabla ya mtu kugusa mlango: volti 12.1. Akaniandikia kwenye daftari kwamba betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au zaidi kidogo, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Tukawasha, ikasoma 14.2. Altaneta nzima, akaifutia mashaka na kuendelea.

Kipimo cha pili sijawahi kuona kikifanywa gereji yoyote, na ndicho kilichoniuma zaidi kwa wepesi wake. Injini ikiwa inaunguruma aliwasha taa kubwa, feni, na kiyoo cha nyuma kinachopashwa moto. Ncha moja ya multimita akaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha bodi. Hivyo viwili vimeunganishwa kwa waya wa ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo mita isome karibu na sifuri. Yeye huvumilia mpaka volti 0.2. Ikasoma 1.6, na kijana alipolitikisa gari namba zikaanza kucheza.

Akaufuata waya kwa mkono hadi bolti iliyo chini ya betri, kwenye ubavu wa ndani. Akaizungusha kwa vidole, na bila spana yoyote ikazunguka. Chini yake palikuwa na pete ya waya mweusi wa GPS, imebanwa katikati ya ethi ya gari na chuma chenye rangi. Rangi haipitishi umeme. Aliyefunga GPS alifungua bolti ya kiwandani, akachomeka pete yake, akarudisha bolti kwa vidole na kwenda kula.

Nikamuuliza mbona gari lilikuwa linawaka vizuri muda wote, isipokuwa Makete. Akanieleza kwamba stata ina njia yake nene ya kurudi betri kupitia injini. Kompyuta zilizofungwa kwenye bodi, ikiwemo ya ABS, ndizo zinazotegemea ile bolti. Ukipita tuta, bolti inaruka, umeme unapungua ghafla, kompyuta zinazimika kidogo na kuamka zikiwa hazijui wenzao wako wapi. Na hapa ndipo neno la yule kijana wa dizeli chafu linapopata maana yake. Spidi ya kila gurudumu inasomwa na ABS, kisha inagawiwa kwa wengine wanaoihitaji: mshale wa spidi, mfumo wa kuzuia kuteleza, usukani, injini. Wote wanasemezana juu ya waya mbili zilizosokotwa pamoja, utaratibu ulioletwa na Bosch mwaka 1986. ABS ikinyamaza, kila anayesubiri habari kutoka kwake anawasha taa yake. Ukihesabu taa utadhani una magonjwa manne.

Umeme wa nyumba nzima ukikatika, huanzi kununua balbu.

Hakuishia hapo, alitaka kuhakikisha waya zenyewe za mazungumzo ni nzima. Akatoa betri, akapima kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, tundu la 6 na la 14. Omu 60, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Kila mwisho wa waya hizo kuna kizuizi cha omu 120, na viwili vikipimwa pamoja vinatoa 60. Ingesoma 120, kimoja kimekatika. Langu lilikuwa sawa.

Kilichobaki kilikuwa betri iliyokufa Makete. Baridi ilichangia, kwa sababu betri ya baridini inatoa nguvu kidogo kuliko ya Dar, lakini baridi peke yake haiui betri ya miezi mitatu. Mzee akaunganisha multimita katikati ya hasi ya betri na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, funguo akaupeleka mbali na gari ili lisiuhisi, kitasa cha mlango akakifunga kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Akatuambia tukanywe chai. Kompyuta za gari huchukua nusu saa, pengine zaidi, kulala. Ukipima mara tu baada ya kufunga mlango utapata namba kubwa ya bure. Na mtu asithubutu kupiga stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, labda kama alikuwa anaichukia mita.

Tuliporudi ilisoma ampea 0.38. Gari lililolala, kwa maelezo yake, lisizidi 0.05. Zidisha mara saa 24, ni ampea-saa 9 kwa siku. Mara siku nne za msiba, 36. Betri yangu imeandikwa 70, na haikuwa imejaa tangu mwanzo. Akachomoa fyuzi ya GPS, mita ikashuka hadi 0.03. Kumbe waya wa umeme wa GPS ulikuwa umedokolewa kwenye waya unaoliamsha gari, kwa hiyo usiku kucha mimi nimelala na gari liko macho.

Kabla ya kukaza chochote, mzee alimwambia kijana wangu apige picha na video: bolti ikizunguka kwa vidole, mita ikisoma 1.6, ile pete juu ya rangi. "Gari lina waranti," alisema, "mimi napima tu. Kupima hakuvunji kitu." Kisha akakwangua rangi, akakaza bolti kwa spana namba 10, akaihamishia pete ya GPS mahali pake, mita ikasoma 0.04. GPS akaipatia umeme wa fyuzi yake yenyewe. Baada ya kurudisha betri, taa ya kuteleza ikabaki inawaka nikashtuka, akacheka, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, tukaenda mita mia mbili, ikazima yenyewe. Magari mengi husahau usukani uko wapi ukitoa betri. Alinitoza shilingi elfu thelathini. Nilitaka kumwongeza, akaniomba maparachichi.

Wakati huohuo kijana wangu alikuwa amenunua kidude kidogo cha bluetooth cha kuchomeka kwenye ile soketi, kinachosoma kwenye simu. Zilikuwemo kodi mbili, yaani alama za makosa ambazo gari hujiandikia, za tangu Makete ambazo hakuna aliyewahi kuzifuta: U0121, yaani mawasiliano na ABS yamepotea, na P0562, yaani umeme wa mfumo uko chini. Herufi ya mwanzo ina maana. P ni injini na gia, C ni chesisi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mazungumzo baina ya kompyuta. Mtu akiona U pamoja na umeme kuwa chini, hasemi kompyuta imekufa. Anashika multimita. Naamini kodi hizo zilikuwemo tangu Mikumi, na mara tatu zilifutwa pamoja na kumbukumbu ambayo gari huiweka ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea. Walikuwa na ushahidi mikononi, wakauosha pamoja na gari.

Nilipowapelekea video, jibu la kwanza lilikuwa kwamba kwa kumruhusu fundi wa mtaani nimeua waranti. Nikawakumbusha kwamba aliyefungua bolti ya kiwandani alifanya hivyo ndani ya geti lao, nikiwa nakunywa soda yao. Wakasema GPS ni ya watu wengine. Sawa, lakini gari nilikabidhiwa na wao, na risiti ya EFD ina jina lao. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimruhusu mfanyabiashara kujificha kirahisi: bidhaa inatakiwa iwe na ubora unaofaa, hata kama hamkuliandika hilo kwenye mkataba. Tunayo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Sijafika huko bado. Nimeanza na gazeti.

Ninachowaomba wauza magari hakizidi nusu saa ya kazi. Kabla hamjafuta taa yoyote, chapisheni kodi zilizosomwa, na kilometa za siku hiyo, mteja aondoke na nakala. Siku ya kukabidhi gari, pimeni betri mbele ya mteja. Gari linaitwa jipya lakini limekaa melini, bandarini na yadini miezi, na betri haijui kwamba halijauzwa. Na kila kitu kilichoongezwa, iwe GPS, alamu au kamera ya nyuma, kiandikwe kimechukua umeme wapi na ethi wapi, pamoja na aliyekifunga. Wanunuzi wenzangu, msisaini fomu ya kuridhika mkiwa bado hamjaambiwa kilichoonekana. Mimi nilisaini mbili.

Tangu tarehe 19 Juni gari limetembea zaidi ya kilometa elfu nne, vumbi, matuta na Kitonga yenyewe mara mbili na mzigo. Hakuna taa iliyowaka. Wiki iliyopita tawi wamenipigia kwa furaha: "Mama, kompyuta ya ABS imefika, leta gari tubadilishe." Nikauliza nani analipa. Wakasema tutaona ukifika. Nikawaomba waniandikie kwanza, kwenye karatasi yenye mhuri, ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba ile ya zamani imekufa. Hadi naandika barua hii karatasi haijaja.

Mama Maparachichi,
Njombe